Kifuu, Komwe na Kombe la Chaza: Kuanza Biashara Ndogo ya Mapambo ya Asili

Watu wengi wanaotaka kutengeneza mapambo huanzia Kariakoo. Wanaingia kwenye maduka ya urembo, wanatoka na mifuko ya shanga za plastiki, nyuzi za kila rangi na kulabu za hereni, na baada ya mwezi wana bidhaa inayofanana na ya jirani, kwa kuwa jirani naye alinunua dukani humohumo. Bidhaa zikifanana, kinachobaki cha kushindania ni bei. Bei ikishaanza kushuka, anayefaidi ni muuza shanga.

Iko njia nyingine. Chagua malighafi moja inayopatikana unapoishi, uijue kuliko mtu yeyote mtaani kwako, na ujenge biashara juu yake kabla hujagusa ya pili. Kuijua maana yake ni kujua inatoka wapi, inakomaa lini, inapasukia upande gani, inanuka vipi ikikatwa, nani mwingine anaihitaji, na sheria inasemaje juu yake. Mtu wa Tanga anaishi jirani na mkonge. Wa Bukoba ana nyuzi za migomba. Aliye karibu na machinjio ana pembe za ng'ombe, ambazo zikikatwa na kusuguliwa hutoa rangi kuanzia ya maziwa hadi nyeusi tii, ingawa harufu yake wakati wa kukata itakulazimu ufanyie kazi nje ya nyumba. Aliye jirani na wachonga vinyago wa Mwenge anaweza kuomba vipande vya mpingo vinavyobaki sakafuni. Mimi nitazungumzia zaidi vitu vya pwani, kwa sababu ndivyo ninavyovifahamu, lakini utaratibu ni uleule popote ulipo.

Kabla ya kununua kifaa chochote, chukua daftari na penseli ukachore. Usichore hereni, chora kitu chenyewe. Twaa karafuu moja kavu uiweke mbele yako mezani. Ina kikonyo kirefu kinachopanuka kidogo kuelekea juu, kisha pembe nne zilizotanuka, na katikati yake kichwa cha mviringo, ambacho ni petali zilizojikunja kabla ya kuchanua. Ukiichora kwa ubavu unapata umbo la kipuli kirefu. Ukiichora kwa juu unapata nyota ya pembe nne yenye duara katikati, na hiyo inakaa vizuri kwenye pete au kishikizo cha mtandio. Mmea mmoja, maumbo mawili, na hakuna mtu Ulaya wala China atakayekutangulia kuyaona jinsi unavyoyaona wewe uliyekulia kwenye harufu yake. Fanya hivyo kwa jani la mkungu, ua la mlangilangi, mkunjo wa kole la mnazi. Daftari hilo ndilo litakalokulisha miaka mitano ijayo, wakati wenzako wanahangaika kutafuta miundo mipya mitandaoni.

Kifuu: malighafi ya mtu asiye na mtaji

Kama uko pwani na huna fedha, anza na kifuu. Kila nyumba inayopika kwa tui inakitoa, na mama lishe mmoja anaweza kukupa vya kutosha wiki nzima. Usivichukue bure kila siku kana kwamba ni taka, kwa sababu kifuu kina wenyewe: wengi hukitumia kuwashia moto jikoni au hukichoma makaa. Mpelekee mkaa kidogo au mlipe kiasi mlichokubaliana, na umwombe akuwekee vilivyovunjika vipande vikubwa.

Tumia kifuu cha nazi iliyokomaa. Cha dafu ni laini, rangi yake imepauka, na kikikauka hujikunja. Kifuu kizuri kina rangi ya kahawia iliyokolea inayokaribia weusi, unene wa kama milimita 3 hadi 5, na ukikigonga kwa ukucha kinalia. Kwangua nyuzi za nje kwa kisu au kipande cha kioo, kisha usugue kwa msasa namba 120 pande zote mbili. Upande wa ndani una ngozi nyembamba ya kahawia inayoshika unga wa nazi. Usipoiondoa yote, hereni zako zitanuka mafuta yaliyochacha na zitaota ukungu masika.

Kifuu kimepinda, na hapo ndipo wanaoanza hukwama. Ukitaka duara la sentimita 5 lilale bapa, halitalala. Kuna mambo mawili ya kufanya: ama ukate vipande vidogo vya sentimita 2 au pungufu, ambavyo mpindo wake hauonekani, ama uutumie mpindo wenyewe, kwa mfano bangili au kidani kinachofuata mviringo wa kifua. Hilo la pili ndilo linalonivutia, kwa kuwa hapo nazi inakuwa imekuamulia umbo.

Chora kwa penseli, kata kwa msumeno mwembamba wa nakshi, na ulainishe kingo kwa tupa. Ukitoboa tundu kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa mkupuo, ncha itang'oa kigaga upande wa pili. Weka kipande cha ubao chini yake, au toboa nusu, geuza, umalizie kwa upande wa pili. Kisha panda na msasa: 240, 400, 800, hadi 1000. Usiruke namba. Ukitoka 120 ukaenda moja kwa moja 800 utamaliza haraka, lakini mistari ya msasa wa kwanza itajitokeza mara tu utakapopaka nta, na mteja ataiona kabla yako. Malizia kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, uipake kwa kitambaa na kufuta iliyozidi. Vanishi ya dukani inang'aa zaidi siku ya kwanza, ila huchubuka na kufanya kifuu kifanane na plastiki.

Vitu vya bahari, na yale usiyopaswa kuyagusa

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Kauri zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, zile zinazopangwa kwenye meza za ufukweni, karibu zote zimechukuliwa zikiwa na mnyama hai ndani. Mng'ao wa kauri hutokana na ngozi ya mnyama mwenyewe, inayofunika kombe lake na kulilinda na mchanga. Akifa, kombe likisukwasukwa na mawimbi, linapauka. Kwa hiyo ukiona kauri inameremeta, ujue kuna mtu aliyeitoa mwambani na kumuua aliyekuwa ndani ili auze ganda. Na hata makombe matupu yana kazi: yapo makundi ya kaa ambao hawana ganda lao wenyewe na huhamia humo. Ufuko uliookotwa makombe yote ni ufuko usio na nyumba.

Kipo chanzo kingine kizuri kuliko vyote, nacho ni chakula. Maji ya bamvua yakitoka, wanawake wa visiwani na mwambao huenda kuokota chaza na kombe kwa ajili ya kitoweo, na magamba hubaki nyuma ya nyumba. Hayo nunua. Mnyama ameliwa, familia imeshiba, na wewe unamuongezea yule mama kipato kutokana na kile alichokuwa akikitupa. Wanawake wa rasi ya Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar kwenye Ghuba ya Menai, wamekwenda mbali zaidi. Walijifunza kufuga chaza na kupandikiza kipande cha mviringo upande wa ndani wa gamba lake. Chaza hukifunika taratibu kwa tabaka za mng'ao, na baada ya miezi inayokaribia mwaka hupatikana nusu lulu. Magamba nayo hukatwa hereni na vidani. Ukiweza, nenda ukawaone wanavyofanya, ulipie mafunzo, na utofautishe kazi yao na yako unapouza. Ukikata kombe la chaza, liite kombe la chaza. Usiliite lulu.

Kombe la chaza huoshwa kwa sabuni ya kawaida na brashi. Usilitie siki wala ndimu, kwani tindikali hulila, na dawa ya kung'arishia nguo huua mng'ao wake. Kutoboa na kusugua kufanyike kwenye maji, ndani ya sahani isiyo na kina, kwa drili ndogo ya mkono au ya betri. Usithubutu kutumia mashine iliyochomekwa kwenye umeme wa ukutani karibu na maji hayo. Sababu ya maji ni vumbi: unga wa makombe ni mwembamba, hukaa hewani, na ukiuvuta siku baada ya siku unaumiza mapafu. Vaa barakoa na miwani ya kazi hata kama ni kipande kimoja tu, na usifanyie kazi hiyo chumba wanacholala watoto.

Halafu kuna vitu vya kuacha kabisa. Gamba la kasa, hasa la ng'amba, lilitumika zamani kwa vitana na bangili, lakini leo biashara yake kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975. Matumbawe magumu na makombe makubwa ya aina ya Tridacna nayo yamo katika orodha zake, na hayavuki mpaka bila kibali. Nchi kavu, pembe za ndovu, meno ya ngiri, kucha, manyoya ya ndege wa porini na hata miiba ya nungunungu uliyoiokota njiani inaweza kuhesabika kuwa nyara za Serikali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ya Tanzania. Kenya ina sheria yake kali ya mwaka 2013. "Niliokota" si utetezi. Kama unataka kufanya kazi na makombe kwa wingi, pita ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize kibali kinachohitajika kabla ya kununua gunia la kwanza. Ukitaka kuokota mbegu kwenye msitu wa hifadhi, waulize wakala wa misitu, TFS.

Mbegu

Komwe, zile kete za kijivu tunazochezea bao, ni mbegu nzuri sana ya mapambo. Hutoka kwenye mkomwe, mmea wenye miiba unaoota vichakani pwani, na ganda lake ni gumu na laini kiasi kwamba halihitaji kupakwa chochote. Litoboe polepole, ukipumzisha ncha isipate moto. Mkufu wa komwe saba zilizotenganishwa kwa mafundo ya uzi wa mkonge humvutia mzee aliyecheza bao maisha yake yote, na humvutia pia mgeni asiyejua bao ni nini.

Kabla ya kuzitunga, mbegu zote zianikwe hadi zikauke, kisha zifungwe kwenye mfuko na kuwekwa kwenye friza kwa wiki moja. Baridi huua mayai ya wadudu. Ukiiruka hatua hii, siku moja mteja ataona unga kwenye shingo yake na mdudu akitoka tunduni, na hatakununulia tena.

Kuna mbegu mbili za kukataa hata ukipewa bure. Ya kwanza ni ile nyekundu nyangavu yenye doa jeusi, mturituri. Ni nzuri mno kwa macho, na ndani yake mna sumu inayoweza kuua. Ganda likiwa zima sumu imefungiwa. Ukilitoboa ili upitishe uzi umeifungulia, na mtoto mchanga hutia kila mkufu mdomoni. Ya pili ni mbarika, kwa sababu hiyohiyo. Mteja akikuulizia za nyekundu, mweleze ukweli na umwonyeshe kitu kingine.

Jambo jingine la kumwambia mnunuzi anayesafiri: Australia na New Zealand zina ukaguzi mkali wa mbegu na vitu vya mimea. Akifika na mkufu wa mbegu bila kuutaja, unaweza kuchukuliwa uwanja wa ndege. Mpendekezee cha shaba.

Chuma kinachogusa ngozi

Nitapita hapa kwa haraka, lakini usipabanie. Kulabu za bei rahisi mara nyingi zina nikeli, ambayo huwasha masikio ya watu wengi na kuyatoa vidonda. Nunua za stenlesi au fedha ya 925, hata kama ni ghali mara tatu. Shaba nyekundu ni nzuri kwa bangili, ila mwambie mteja kwamba jasho linaweza kumwachia alama ya kijani inayotoka kwa sabuni. Uzi uwe imara kuliko unavyodhani unahitajika. Makombe yana kingo, na kingo hukata uzi.

Bei

Hapa ndipo biashara nyingi za mikono hufia, kwa sababu mtengenezaji haujumlishi muda wake. Tuchukue mfano wa hereni za kifuu. Tuseme kulabu na vipete vimekugharimu shilingi 600, msasa na nta 300, kadi na mfuko wa karatasi 500. Hiyo ni 1,400. Umetumia dakika 45. Kama unataka siku yako ya saa nane ikulipe 20,000, saa moja ni 2,500, na dakika 45 ni 1,875. Ongeza 725 za nauli, umeme, bando la simu na ncha za drili zinazovunjika. Umefika 4,000, na bado hujapata faida hata senti. Weka faida ya 2,000: bei ya jumla ni 6,000. Duka litaiuza 10,000 hadi 12,000, na wewe ukiuza mwenyewe kwenye maonyesho uza bei hiyohiyo ya duka. Ukiuza 6,000 ng'ambo ya barabara na duka linalokuuzia, umelifukuza.

Ikiwa soko halikubali 10,000, usikate malipo yako. Punguza dakika. Kata vifuu ishirini kwa siku moja, toboa vyote siku ya pili, piga msasa siku ya tatu. Dakika 45 zitashuka hadi 25 bila kupunguza ubora.

Maduka mengi ya zawadi yatataka mali kauli: unaacha bidhaa, unalipwa zikiuzwa. Unaweza kukubali, lakini kwa maandishi. Andika idadi, aina, bei, tarehe, na siku ya mwezi utakayopita kuhesabu. Mwenye duka atie sahihi naye. Pita siku hiyo hata kama mvua inanyesha. Asipokulipa mara mbili, chukua mali yako kwa adabu na uage.

Nani atanunua

Watalii ni wateja wazuri kuanzia Juni hadi Oktoba na tena Desemba hadi Februari, lakini aliyewategemea peke yao mwaka 2020, wakati wa korona, alikiona. Wateja wa mwaka mzima ni majirani zako. Bibi harusi anahitaji seti, mashoga zake wanataka hereni za sare, kitchen party inataka zawadi, na Idd na Krismasi huja kila mwaka. Mtengenezee bibi harusi mmoja vizuri, umpe kila shoga yake kadi yenye namba yako ya WhatsApp, na utaona.

Picha zipige asubuhi kivulini, juu ya kitambaa cheupe au jamvi la ukili, na moja iwe sikioni mwa mtu ili ukubwa uonekane. Kwenye kadi andika mambo ya kweli: kifuu cha nazi, Bagamoyo, kombe la chaza, Bweleo. Jina la mahali lina thamani kuliko maneno matamu.

Karatasi za serikali zisikutishe. Tanzania Bara jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao, TIN hutolewa na TRA bila malipo, na leseni ni ya halmashauri. Zanzibar ni BPRA. Kenya jina husajiliwa kupitia eCitizen. Tanzania Bara pia kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo lina ofisi mikoani na hutoa mafunzo kwa wajasiriamali wadogo. Mkiwa kikundi, ulizeni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukiwa na TIN na jina, unaweza pia kuomba nafasi kwenye banda la pamoja katika maonyesho ya biashara ya Sabasaba badala ya kuuza ukiwa umesimama nje ya geti.

Masika, wageni wakipungua, fanya mambo mawili. Tengeneza akiba ya msimu, ukiihifadhi kwenye makopo yenye kifuniko ili mbegu na vifuu visiote ukungu. Na waite wateja wa mwaka uliopita walete vilivyovunjika uvitengeneze bure. Kila kinachorudi, kabla hujakitia gundi, kitazame kimevunjikia wapi. Mara nyingi utakuta ni kwenye tundu, kwa sababu lilitobolewa karibu mno na ukingo. Acha angalau milimita 2 kutoka ukingoni kwa kifuu na 3 kwa kombe, andika vipimo hivyo ukutani juu ya meza ya kazi, na yeyote utakayemwajiri avipime kwa rula kabla ya kushika drili.